Rudisha Harage Koponi

Nimestaafu. Chekeni tu, hata mama alicheka nilipomwambia, akaniuliza pensheni yangu naifuata wapi. Lakini mtu aliyeanza kazi akiwa kidato cha kwanza, akaiacha baada ya kumaliza cha nne, ana haki ya kusema amestaafu, na mimi nasema. Nyinyi wawili mtakaokalia benchi langu pale zahanati, barabara ya kwenda Ujiji, nawaandikia kwa sababu kwa mdomo sitaweza. Mnanijua. Watu watatu wakinisalimia kwa pamoja natafuta pa kuficha mikono. Kuandika naweza. Mengi nimeyatoa kwenye daftari langu la kila siku, mengine nimeyaacha humo humo maana ni yangu mwenyewe. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha, na nyinyi mtabadilisha.

Vyeo siwasimulii, havikuwapo. Nilikuwa "yule binti wa Kirundi", na hata hapo walikosea, mimi ni Muha wa Katubuka. Ila Kiha na Kirundi ni mtu na dada yake: wakigombana, kila mmoja anasikia alichotukanwa. Miaka ile wakimbizi wa Burundi walikuwa wanashuka kwenye maboti na watoto mgongoni, na zahanati nzima hakukuwa na mtu wa kuelewa mama akisema mwanawe anaumwa wapi. Mama yangu aliyekuwa akifua mashuka pale akasema, "Binti yangu anasikia, ila haongei." Daktari akajibu, "Basi ataongea ya wenzake." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Daktari mwenyewe hakuwa daktari, alikuwa tabibu, lakini sote tulimwita hivyo na yeye hakukataa.

Siku ya kwanza sikupelekwa kwa wagonjwa. Nilipelekwa maabara, chumba cha dirisha moja, kwa Bi Zuhura wa Buzebazeba. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia bila kuinua jicho kwenye darubini, kisha akasema, "Lete kidole."

"Mimi siumwi, Bibi."

"Nimekuuliza kama unaumwa? Mkalimani asiyejua anachokisema ni kasuku. Mimi kasuku simtaki humu. Kidole."

Akanichoma. Tone la damu akaliweka kwenye kioo, akalidondoshea maji ya dawa, akafunika kwa kioo chembamba kama gamba la dagaa, halafu akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akaziba nayo pembe zote nne. Rangi ile ile ndiyo aliyokuwa amejipaka vidoleni. Kila akifungua kichupa kipya hujaribu kwanza kwenye kucha zake, eti aone kama ni nzima. Shikeni hili: maji yale ya dawa yachanganywe siku hiyo hiyo, yakilala yamekufa. Na pembe zizibwe kweli kweli. Tunataka chembe za damu zikose hewa, maana zikikosa hewa ndipo zinapojisema. Baada ya nusu saa akaniita niangalie.

Niliona duara nyingi, na katikati yake nyingine zimejikunja, zimechongoka ncha mbili kama mundu wa kukatia nyasi.

"Damu ya nani hii?" nikauliza.

"Yako. Ulidhani nimemchoma mbu?"

Nililia. Bi Zuhura akaniacha nilie mpaka nikachoka mwenyewe, ndipo akanieleza, na maneno yake ndiyo niliyoyatumia miaka yote minne. Kila kitu cha mwilini, rangi ya ngozi, umbo la sikio, damu, kina maagizo yake, na maagizo hayo huja mawili mawili: moja umepewa na mama, jingine na baba. Wao wenyewe wana mawili kila mmoja, lakini mtoto humpa moja tu, na hawachagui lipi. Agizo la damu ya mundu likiwa moja, lile zima linalifunika, mtu anaishi, anabeba maji, anazeeka. Yakikutana mawili, hakuna la kufunika. Huyo ndiye mtoto wa sikoseli: mifupa inauma, macho yanageuka manjano, kila homa inamkuta mnyonge.

"Wewe unalo moja," akasema. "Huumwi. Unabeba tu. Hata malaria, ukiwa mdogo, haikukuti na nguvu zake zote. Futa kamasi, kuna watu nje."

Nikafuta. Lakini siku hiyo niliandika kwenye daftari: *Nisimwambie mtu.* Nikapigia mstari mara mbili.

Kazi yenyewe mtaizoea. Kaeni upande wa mgonjwa, si upande wa daktari, mgonjwa akutazame wewe anapoona aibu. Msitafsiri kikohozi. Mtu akisema "amaraso", msikimbilie kusema damu. Kwa Kirundi na kwa Kiha neno hilo linaweza kuwa damu, linaweza kuwa ukoo, na asubuhi ile ile mgonjwa mmoja anaweza kuyataka yote mawili. Na wakiwaita "mwanangu" msivimbe. Wanaomba muwapunguzie makali.

Kikubwa mtakachopambana nacho ni shamba. Kwetu, na kwa Warundi, watu husema baba ndiye mwenye mbegu na mama ni udongo. Mtoto akitoka mzuri, mbegu. Akitoka mgonjwa, udongo. Nimeisikia hiyo kwa wachungaji, nimeisikia kwa mashehe, nimeisikia kwa babu yangu mzaa baba, ambaye masikio yake yaliyotokeza kama mpini wa kikombe ninayo mimi na wala hajayakana. Nilipokuwa kidato cha tatu mwalimu wa baiolojia alitufundisha habari za mtawa mmoja wa Ulaya ya zamani aliyepanda njegere, ndefu na fupi, akahesabu zilizoota mpaka akagundua kwamba pande zote mbili zinatoa mbegu. Darasa zima likaandika. Mimi nikawaza: njegere wataielewa wapi hawa? Lakini maharage kila mtu anayo. Nikanunua sokoni Mwandiga maharage ya njano na ya madoadoa, nikaja nayo zahanati kwenye ungo wa mama, nikajiona profesa.

Wa kwanza kufundishwa kwa ungo wangu alikuwa Godeliva.

Alikuja na mumewe, Salvatori, na mtoto wao Yoweri wa miaka sita, wamejihifadhi kwa ndugu Buzebazeba. Yoweri alibebwa mgongoni na baba yake kwa kuwa miguu ilimuuma. Bi Zuhura alimpima mtoto, akampima mama, kwa wote wawili mundu zikaonekana. Salvatori alipoambiwa alete kidole alisema amesahau kitu nje, akatoka, hakurudi mpaka tulipofunga. Godeliva akabaki, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mkobwa," yaani binti, "nikizaa mwingine?"

Njano lilikuwa agizo zima, madoadoa agizo la mundu. Nikapanga juu ya ungo jozi nne, kama kwenye daftari la shule. Njano na njano. Njano na madoadoa. Madoadoa na njano. Madoadoa na madoadoa. "Hizi ndizo namna nne anazoweza kuwa mtoto wenu," nikamwambia. Nikaichukua ile jozi ya madoadoa matupu, nikaiweka kando. "Huyu ndiye Yoweri."

Akazitazama zilizobaki. Tatu. Zote zina njano. Akatabasamu, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Ego, ndiyo. Nimeelewa, mwanangu. Asante." Mimi nikaandika kwenye daftari: *Leo nimefundisha mtu akaelewa.*

Mwaka uliofuata alirudi na mtoto wa kike, mnene, wa miezi minane, vidole vya mikono na miguu vimevimba kama vihogo. Ukiona vidole hivyo huhitaji darubini. Bi Zuhura aliangalia darubini hivyo hivyo, kwa adabu, akazima taa yake. Godeliva hakulia. Alinigeukia mimi.

"Ulisema wamebaki watatu wazima."

Sikusema hivyo. Nilipotaka kujitetea nikaona ule ungo, na mkono wangu ukiitoa ile jozi. Mdomo haukusema, mikono ilisema. Kwake yeye, na kwa mama yeyote aliyewahi kugawa mboga sahanini, kilichokwisha kutolewa kimetoka. Mbaya ametoka kwanza, wazima wamebaki. Akabeba mimba kwa kuniamini mimi na maharage yangu.

Nilimwomba msamaha pale pale, na wala sikujua ninaombaje. Nikamwambia, "Nilikosea, Mama Yoweri. Nilitakiwa kurudisha." Alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Bi Zuhura akasema, "Sasa umejua kwa nini sitaki kasuku. Kasuku hakosei. Wewe umekosea, kwa hiyo utarekebisha." Akanipa makopo mawili ya maziwa ya unga, matupu. Ungo nikaurudisha nyumbani ukapepete mchele.

Makopo yanafanya kazi hivi, na ndiyo mtakayotumia. Moja la mama, moja la baba. Ndani ya kila moja harage la njano na la madoadoa. Mgonjwa mwenyewe, siyo nyinyi, aingize mkono bila kuchungulia, achukue moja huku na moja kule. Huyo ni mtoto mmoja. Halafu arudishe. Kila mimba makopo ni kamili. Aliyetoka kwanza hakumpunguzia wa pili bahati wala mkosi. Warudie mara nyingi mpaka wachoke, mpaka watoke wagonjwa wawili mfululizo, mpaka watoke wazima watano mfululizo, mpaka waseme wenyewe, "Kumbe haijui aliyetangulia." Wakishasema hivyo, nyamazeni.

Miezi haikuwa mingi ikatoka amri kwamba wote waliojihifadhi mjini waandikishwe, wapakiwe malori, wapelekwe kambini. Kila kaya iandikwe majina. Siku ya Jumatatu asubuhi, Salvatori alikuja zahanati amevaa koti, nyuma yake dada yake mkubwa. Watoto wa Kirundi humwita senge, yaani shangazi, dada wa baba, na ukimwona senge amekuja na mwavuli wakati hakuna mvua, ujue kuna baraza. Godeliva alikuja wa mwisho, na mtoto mgongoni. Hawakuja kutibiwa. Walitaka karatasi.

Senge alikaa mbele ya daktari, akaniambia mimi bila kunitazama, "Mwambie atuandikie kwamba ugonjwa huu umetoka kwa mwanamke. Wazee wa ukoo wakiiona, tutawaandikisha kwenye lori kaka yangu na Yoweri tu. Huyu arudi kwa kaka zake na kitoto chake."

Kaka zake Godeliva walipotezana naye ng'ambo ya ziwa. Kila mtu mle ndani alijua hakuna anayejua waliko. Nikatafsiri, neno kwa neno, sauti yangu haisikiki mpaka daktari akaniambia niongeze.

Daktari akafungua faili. Alikuwa na foleni mpaka barabarani, nitamtendea haki kwa hilo. Akasoma, akasema, "Ni kweli, mama ana damu ya mundu. Nawaandikia hivyo hivyo, waende." Akachukua kalamu. "Watafsirie."

Sikutafsiri.

"Binti, watafsirie."

"Hiyo ni nusu, Daktari," nikasema. "Nusu sitafsiri."

Kalamu ikasimama. Nilikuwa sijawahi kumjibu mtu mzima maishani mwangu, achilia mbali aliyevaa koti jeupe. Akaniambia taratibu, "Mkalimani ni bomba. Maji yanapita. Bomba halinywi."

"Basi mimi nimekunywa," nikasema. "Mtoto hawi na sikoseli kwa mzazi mmoja. Haiwezekani. Ukiandika ya mama peke yake, umeandika uongo kwa maneno ya kweli."

Senge alisikia Kiswahili vizuri kuliko alivyotuonyesha. Akageuka, sasa akanitazama. "Huyu ndiye yule wa maharage? Huyu si ndiye aliyemwambia huyu mwanamke wamebaki watatu wazima? Leo anatufundisha mbegu yetu! Mbegu yetu ni safi, binti. Shamba ndilo limeoza."

Watu wa foleni walikuwa wamejaa mlangoni. Hapo ndipo mngetarajia nikimbie, na mimi nilitarajia hivyo. Nikasema kwa Kiha, kwa sauti ambayo mama anasema aliisikia akiwa kwenye mashuka, "Ndiyo, ni mimi. Nilikosea. Nilitoa harage sikurudisha, na Mama Yoweri amelipa kosa langu. Hilo ni langu nalibeba. Lakini kosa langu halikuwafanya nyinyi muwe sahihi."

"Na wewe unajua nini habari za kuzaa?"

"Najua damu yangu. Ina mundu. Nimepimwa chumba kile pale." Niliona wanawake wawili wa mtaani kwetu wakitazamana. "Siumwi, kama Mama Yoweri asivyoumwa. Kama kaka yako asivyoumwa."

Senge akapiga kofi la mshangao. "Nani atakuoa wewe?"

"Atakayeleta kidole kwanza," nikasema.

Mlangoni mtu akacheka, nadhani alikuwa Bi Zuhura. Aliingia na makopo yangu mawili, akayaweka mezani juu ya faili la daktari, akamwambia Salvatori kwa Kiswahili chake cha Ujiji kisichohitaji mkalimani, "Baba Yoweri, mwanao wa kiume ana maagizo mawili ya mundu. La kwanza tumelipata kwa mkeo. La pili limetoka kwa jirani?"

Hilo ndilo swali ambalo senge hakulipigia hesabu. Ama mbegu ya kaka yake ina mundu, ama Yoweri si wa ukoo. Na Yoweri, poleni, alikuwa na uso wa baba yake mpaka pengo la meno ya mbele.

"Mwanaume hapimwi kwa ugonjwa wa mwanamke," senge akasema. "Salvatori, twende."

Salvatori hakuinuka kumfuata. Aliingiza mkono kwenye kopo moja, akatoa harage, akalitazama, la njano. Akalirudisha. Akatoa tena, la madoadoa. Akalirudisha hilo nalo, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kisha akaniuliza kwa Kirundi, mimi, siyo daktari, "Hiki kioo chenu, naruhusiwa kutazama mwenyewe?"

"Ego," nikasema. "Mwenyewe."

Akavua koti. Akatoa kidole.

Nusu saa ni ndefu. Senge alikaa na mwavuli magotini. Godeliva alisimama ukutani akimnyonyesha mtoto, hakumtazama mtu. Bi Zuhura alipaka rangi pembe nne, na tone lililobaki akapaka kucha ya kidole gumba. Hata siku hiyo. Muda ulipofika Salvatori aliinama kwenye darubini, akashindwa kufumba jicho lisilotakiwa, nikamsaidia kulifunika kwa kiganja. Akakaa pale muda mrefu sana.

"Nyembamba," akasema. "Za kukatia nyasi."

"Ndizo."

Aliponyanyuka hakumwangalia dada yake. Alimwambia daktari, nami nikatafsiri kila neno kwa furaha ambayo bomba halina, "Kama unaandika, andika wote wawili. Kama huwezi wote wawili, usiandike."

Daktari hakuandika. Aliita mgonjwa anayefuata.

Alhamisi lori liliondoka kwa njia ya Mwandiga na majina manne ya kaya hiyo. Siwaambii kwamba walipendana tangu hapo, sijui. Najua Salvatori ndiye aliyembeba mtoto mdogo kupanda, na senge alipanda lori jingine. Asubuhi hiyo Godeliva alipita zahanati. Aliniambia amekuja kwa yale makopo.

"Hayo ni ya kazi, Mama Yoweri."

"Huko tunakokwenda pamejaa mashamba yaliyooza," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya pili tangu nimfahamu. "Nipe. Mimi sitasahau kurudisha."

Nikampa, na maharage yake manne.

Daktari alinisimamisha kazi wiki mbili, akaniambia niandike barua ya kuomba radhi. Niliandika. Iko kwenye faili, mtaikuta: *Naomba radhi kwa maharage ya mwaka jana.* Mstari mmoja. Aliisoma, akaniuliza yale ya Jumatatu yako wapi. Nikamwambia yale siombi. Baada ya wiki mbili foleni ya Warundi ikamshinda, akaniita mwenyewe. Hatukulizungumza tena, ila tangu siku hiyo hakuandika ya mama bila kumpima baba.

Sasa naenda kidato cha tano, mbali na ziwa, ambako hakuna anayejua damu yangu, na nikiulizwa nitasema. Ule mstari niliopigia mara mbili nimeukata. Makopo mtakayoyakuta kwenye rafu ya Bi Zuhura ni ya pili, makuukuu, moja lina kutu. Maharage nunueni wenyewe. Kidole chenu mtachomwa siku ya kwanza, msilie sana, kuna watu nje. Na mtu akiwaambia shamba limeoza, msibishane naye. Msogezeeni kopo lake.